Tupandie Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuchagua Bandari ya Kuondokea kwa Matembezi ya Visiwani Unguja

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuamua kwenda Unguja, anayetaka siku moja apande chombo akatembee visiwani, na ambaye sasa amekwama kwenye swali ambalo matangazo mengi hulipita kimya: chombo hicho akipandie wapi. Saa zote zimetajwa kwa hesabu ya Kiswahili.

Visiwa vyenyewe viko karibu karibu. Kuna haja gani ya kusumbuka na mahali pa kuondokea?

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40, na mgeni akiitazama kwenye ramani huona kwamba kila mahali ni karibu. Bahari haisomwi hivyo. Upande wa magharibi unaoitazama bara una maji tulivu kwa sehemu kubwa ya mwaka; upande wa mashariki umekingwa na mwamba, na kati ya mwamba na ufuo kuna uwanda mpana ambao maji yakipwa hubaki mchanga mtupu, majani ya bahari na vidimbwi; kaskazini kuna mikondo; kusini kuna mawimbi yanayotoka bahari kuu bila kizuizi. Kwa hiyo watu wawili wanaokwenda kisiwa kimoja, siku moja, wakiondokea fuo mbili tofauti, wanaweza kurudi na habari zisizofanana hata kidogo, mmoja akisifu na mwingine akiapa kutopanda tena mashua.

Watu wengi huchagua kwanza picha, kisha bei, kisha hoteli, na bandari huwafuata kama mzigo. Ushauri wetu ni kugeuza mpangilio huo: tazama kwanza mwezi mwandamo uko tarehe ngapi na upepo unatoka wapi, ndipo ujue siku hiyo ni upande gani wa kisiwa unaokufaa.

Mnaposema "bandari", je, nitakuta gati?

Kwa kawaida hutalikuta. Bandari yenye gati ambayo wageni wengi huifahamu ni ile ya Malindi, Mji Mkongwe, nayo ni ya meli za abiria na mizigo. Vyombo vya matembezi huondokea ufuoni, mara nyingi kwenye diko lile lile ambalo wavuvi hushushia samaki, na abiria huingia majini hadi magotini, pengine hadi mapajani, kisha hushikwa mkono na baharia akapandishwa. Vaa nguo inayokauka upesi, viatu vya mpira visivyovuka mguuni, na simu uitie kwenye mfuko usiopenya maji kabla hujakanyaga maji, si baada.

Nikiondokea Mji Mkongwe ninaweza kufika visiwa gani?

Mbele ya mji, upande wa Forodhani, Mizingani na Shangani, boti hungoja wageni tangu asubuhi. Kutoka hapo kisiwa kinachotembelewa zaidi ni Changuu, ambacho wageni wamezoea kukiita kisiwa cha gereza. Kipo kilomita tano na kitu kutoka mjini na boti ya injini hufika kwa nusu saa au chini yake. Gereza lenyewe lilijengwa mwaka 1893, lakini halikuwahi kutumika kufungia wafungwa. Badala yake kisiwa kikawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Wenyeji halisi wa Changuu leo ni kobe wakubwa ambao asili yao ni visiwa vya Aldabra: wanne wa kwanza waliletwa mwaka 1919 kama zawadi kutoka Shelisheli. Watoto huwapenda kuliko kitu kingine chochote katika safari hii, na kobe mzee anaponyoosha shingo kufuata jani la mchicha mkononi mwa mtoto, picha hujipiga yenyewe. Asipandwe mgongoni.

Karibu na Changuu kuna Chapwani, chenye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza, wakiwemo wa meli ya kivita Pegasus iliyopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Kuna pia Bawe, ambacho kina hoteli, kwa hiyo usidhani utashuka na kutembea upendavyo. Vyombo vingi husimama kando ili watu waogelee juu ya matumbawe. Halafu kuna fungu la mchanga linaloitwa Nakupenda, ambalo linastahili swali la peke yake.

Sifa kubwa ya Mji Mkongwe ni wepesi. Mtu anayelala mjini hatumii gari, anaweza kuondoka saa tatu na akarudi kula chakula cha mchana, na upepo wa kusi, ule utokao kusini katikati ya mwaka, hauipigi bandari hii kama unavyopiga mashariki na kusini. Kasoro yake ni msongamano. Siku za msimu, saa nne asubuhi, boti zimejipanga mbele ya Changuu kama daladala kituoni.

Nakupenda huonekana saa ngapi? Tulikwenda tukakuta maji matupu.

Malalamiko haya ndiyo yanayotufikia zaidi, na sababu yake ni moja: aliyeuza safari hakutazama maji. Nakupenda ni fungu, yaani mchanga unaojitokeza maji yakipwa na kufunikwa maji yakijaa. Hakuna saa ya kudumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko siku iliyotangulia.

Njia rahisi ya kukisia ni kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani nyumbani na madukani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na tarehe 15, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini yaweza kufika mita nne. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi hivi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu jioni. Hizo ndizo siku za Nakupenda: ukiondoka mjini saa tatu unakuta mchanga mweupe mrefu unaozidi kukua mbele ya macho yako, na ifikapo saa nane inabidi kukunja miavuli. Karibu na tarehe 7 na tarehe 22 mambo hugeuka. Hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, na asubuhi ndipo yanapokuwa yamejaa. Fungu linaweza kuwa dogo au lisionekane kabisa hadi alasiri.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji, "Nakupenda ipo?" Atakujibu ipo. Muulize, "Kesho maji yanapwa saa ngapi?" Anayejua kazi hujibu papo hapo, pengine bila hata kutazama simu. Nahodha mmoja mzee pale Mizingani huanza yeye kuuliza: "Leo mwezi ngapi?" Akishaambiwa hukunja vidole vyake viwili vitatu, hutazama alama ya maji kwenye ukuta wa bahari, na hesabu yake haijawahi kupishana na jedwali kwa zaidi ya robo saa mbele ya macho yetu.

Fumba ina nini ambacho Mji Mkongwe haina?

Ina siku nzima. Fumba ipo kusini magharibi, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara nzuri, na ndiyo lango la ghuba ya Menai, eneo la hifadhi lililotangazwa mwaka 1997 lenye ukubwa wa kilomita za mraba 470. Ndani yake kuna kisiwa cha Kwale chenye mbuyu mkubwa wa kale, kuna Pungume, kuna mafungu ya mchanga na kuna mikoko. Safari za hapa huanza saa tatu na kumalizika saa kumi au kumi na moja, kwa kawaida kwa mashua za mbao zenye tanga, pamoja na kusimama kuogelea, matunda, madafu, na chakula cha mchana cha samaki wa kuchoma, pweza na kamba kwenye mchanga.

Uzuri wa Fumba kwa mtu anayeogopa kukosea maji ni kwamba ghuba hii ina kitu cha kutazama kila wakati. Maji yakiwa yamejaa, mashua huingia kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mikoko ambako mtu huogelea kama yumo ndani ya birika. Yakipwa, mikoko husimama juu ya mizizi yake mitupu na mafungu ya mchanga hujitokeza. Nahodha hupanga tu nini kitangulie. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, ghuba hii iko kinga na maji yake huwa shwari. Wakati wa kusi upepo huingia, na kurudi jioni kwa tanga kunaweza kumlowesha kila aliyekaa upande wa mbele.

Kama mgeni ana siku moja tu na anataka jibu bila maelezo mengi, tunamwambia Fumba.

Na Kizimkazi, kwa ajili ya pomboo?

Kizimkazi ni vijiji viwili, Dimbani na Mkunguni, kusini kabisa, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini; daladala namba 326 huenda huko, ingawa haitakufikisha kwa wakati unaotakiwa, kwa sababu safari za pomboo hupaswa kuanza saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, kabla jua halijapata nguvu na kabla boti za kutoka hoteli za mbali hazijawasili. Bahari ya hapa iko wazi kwa kusini. Kuanzia Juni hadi Agosti mawimbi yake si ya kubeza, ingawa kuanzia Julai hadi Septemba ndipo nyangumi wa nundu wanapopita, na wapo watu walio tayari kutikiswa ili wamwone nyangumi akipumua.

Lazima tuseme jambo lisilowapendeza wauzaji. Saa tatu asubuhi ya msimu, tumeona boti kumi na zaidi zikilizunguka kundi moja la pomboo, injini zikinguruma, manahodha wakipigiana kelele, na wageni wakirushwa majini mbele ya wanyama ambao walikuwa wakijaribu kulala au kunyonyesha. Pomboo huzama, boti zikakimbia walikoibukia, mchezo ukaanza tena. Ukichagua Kizimkazi, chagua nahodha anayekubali kuzima injini na kungoja mbali. Na kama huna uhakika naye, ondokea Fumba, ambako pomboo huonekana ukibahatika na safari haitegemei kuwakimbiza.

Ukiwa Dimbani usiondoke bila kuuona msikiti wa kale, wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladi. Upo hatua chache kutoka ufuoni. Vaa nguo ya heshima na uombe ruhusa ya mlinzi.

Mnemba niifuate Nungwi au Matemwe?

Kabla ya jibu, onyo: kisiwa cha Mnemba ni cha hoteli binafsi, na asiye mgeni wa hoteli hiyo haruhusiwi kushuka. Kinachouzwa kwa jina la safari ya Mnemba ni kuogelea juu ya mwamba unaokizunguka, ambao ni eneo la hifadhi tangu mwaka 2002 na una ada yake. Watu wamewahi kulipa wakidhani watakula mchana kivulini pa mivinje ya Mnemba, wakaishia kukitazama kisiwa kutoka kwenye boti.

Ukiondokea Nungwi au Kendwa, ufuo wa kupandia ni mzuri wakati wote, kwa kuwa upande wa magharibi wa rasi hiyo maji hayakimbii mbali. Lakini safari ya kufika mwambani huchukua karibu saa nzima kwa mashua ya kawaida, na inapinda ncha ya kaskazini ambako wakati wa kaskazi mawimbi hupiga usoni. Ukiondokea upande wa Matemwe, hasa ufuo wa Muyuni unaokitazama kisiwa, unafika kwa robo saa au dakika ishirini. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayechafukwa na moyo baharini.

Tatizo la Matemwe ni kupwa kwa maji. Asubuhi moja ya bamvua, mwandishi wa majibu haya aliambiwa na kampuni moja afike ufuoni saa nne kamili. Alifika, akaiona boti: ilikuwa nukta nyeupe karibu na mwamba, na kati yake na boti hapakuwa na bahari, bali wanawake wakilima mwani na watoto wakichokoa pweza. Tulitembea karibu nusu saa juu ya mawe na majani, kapu la chakula likiwa kichwani mwa kijana wa boti, huku kila mmoja akichunga asikanyage wale viumbe weusi wenye miiba mirefu. Mama mmoja wa makamo katika kundi letu aligeuka katikati ya njia na kurudi, na fedha zake hazikurudi. Kosa halikuwa la ufuo; lilikuwa la saa. Siku za bamvua upande huo huondokewa alfajiri, au husubiriwa hadi maji yarudi mchana, au watu hupelekwa Muyuni, ambako maji ya kina yako karibu zaidi.

Nimefikia hoteli ya Paje, au Jambiani. Siwezi kuondokea hapo hapo?

Unaweza kupanda ngalawa na kuzunguka ndani ya mwamba maji yakijaa, na ni matembezi mazuri ya saa mbili. Visiwa havipo upande huo. Kwa visiwa panda gari: kutoka Paje hadi Kizimkazi au Fumba ni karibu kuliko wageni wanavyodhani.

Nataka kuona jua likizama nikiwa majini. Bandari ipi?

Mashariki hutaliona, ingawa tumekutana na tangazo lililoahidi machweo ya Bwejuu. Ondokea Mji Mkongwe, Nungwi au Kendwa. Upande wa mashariki kuna mahali pamoja pa kipekee, Michamvi Kae, ambako rasi imepinda ikaitazama ghuba ya Chwaka upande wa magharibi. Kwa mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi. Uwe chomboni saa kumi na moja, na umuulize nahodha kama ana taa, kwa sababu giza la kwetu haliji polepole.

Je, msimu hubadilisha jibu?

Hubadilisha sana, na hii ndiyo sababu hatuwezi kutoa jina moja la bandari na kumaliza kazi.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Wakati huo fuo za kaskazini na mashariki ndizo zinazopigwa, ingawa si kwa ukali mkubwa, na upande wa kusini magharibi huwa kama maziwa ndani ya bakuli. Kisha huja masika, Machi hadi Mei, mvua na mawingu. Hoteli kadhaa hufungwa, bei hushuka, na maji huvurugika usione matumbawe vizuri. Kusi hushika kuanzia Mei hadi Septemba, ukitoka kusini, na huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti: epuka kusini na mashariki kama una watoto, tumia Mji Mkongwe na Kendwa, na uondoke mapema, kwa sababu mara nyingi asubuhi upepo haujaamka sawasawa na mchana ndipo hutimua. Oktoba na Novemba, pepo zinapobadilishana, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Wakati huo pande zote hufaa, ukiacha manyunyu ya vuli.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa upepo na mawimbi pamoja na tahadhari. Usome usiku wa kuamkia safari.

Chumbe iko wapi katika orodha hii?

Chumbe haipandiwi kiholela. Kisiwa hiki, chenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, ni hifadhi ya matumbawe tangu mwaka 1994, na kinapokea wageni wachache kwa siku, kwa kuandikisha mapema, kwa boti ya hifadhi yenyewe inayoondokea Mbweni, kusini kidogo ya mji. Msituni mna paa nunga na kaa wakubwa wa minazi. Majini huruhusiwi kuzamia kwa mitungi, ni miwani na mrija tu. Papasi, yaani dalali wa kuwanasa wageni mitaani, akikuambia atakupeleka Chumbe kesho kwa nusu bei, anakupeleka kwingine.

Tuna wazee na watoto wadogo. Mnatushauri nini?

Mji Mkongwe kwenda Changuu, asubuhi, boti yenye paa, na mrudi kabla ya saa sita. Mwombe nahodha achague mahali pa kupandia penye mteremko mpole, na siku za bamvua muulize kabisa mtashukia wapi mkirudi, kwa kuwa maji yanaweza kuwa yamehama. Mzee mwenye magoti mabovu asiambiwe "ni hatua mbili tu" na mtu asiyepaona mahali penyewe.

Anayechafukwa na moyo ale kitu chepesi, akae katikati nyuma, atazame upeo wa macho na wala si simu. Wengine hutafuna tangawizi. Mjamzito asipande boti za mwendo kasi zinazopiga maji kwa kishindo, awe ameondokea bandari yoyote.

Mashua ya tanga au boti ya injini?

Kwa mwendo mfupi na maji ya kawaida, tanga. Ukimya wake, na sauti ya foromali, ule mti unaoshika tanga, ikilia juu ya kichwa chako, havina bei. Siku hizi karibu kila mashua ya matembezi huwa na injini ya akiba, jambo tunaloliunga mkono. Kwa Mnemba kutoka Nungwi, chukua boti ya injini.

Ninanunua kwa nani, na nijue vipi kwamba sijapunjwa?

Papasi wa Forodhani si watu wabaya wote. Wengi wao ni madalali tu, na anayekuuzia siye anayekuendesha. Hapo ndipo tatizo lilipo, maana ahadi ya dalali haimfungi nahodha. Omba kuonana na nahodha na kukiona chombo kabla ya kutoa fedha. Uliza bei ni ya kichwa au ya boti nzima, kwa kuwa familia ya watu sita huokoa mengi ikikodi boti nzima. Uliza kama ada ya kuingia kisiwani au ya hifadhi imo ndani, kama miwani na mrija vimo, kama chakula kimo, na kama gari la kukurudisha limo. Mwezi wa Ramadhani uliza pia mahali na wakati wa kula, kwa heshima ya mabaharia waliofunga.

Bei ya chini kuliko zote ufuoni mara nyingi ina maana kwamba kuna kitu kimepunguzwa, na kwa kawaida huwa ni mafuta, au jaketi za kujiokolea.

Usalama ukoje?

Vyombo hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na una haki ya kuuliza cheti na idadi ya abiria wanaoruhusiwa. Hesabu jaketi kwa macho yako. Ziwepo za watoto, si za wakubwa zilizofungwa kamba mara mbili. Visiwa hivi havijasahau MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wala MV Skagit, iliyozama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika upepo wa kusi. Zile zilikuwa meli za abiria na si boti za matembezi, lakini ni bahari ile ile. Nahodha anayeona unahesabu jaketi hatachukizwa, na akichukizwa tafuta mwingine.

Natoka Dar es Salaam asubuhi na kurudi jioni. Itawezekana?

Meli ya kasi huchukua saa mbili hivi hadi Malindi. Ukifika kwa meli ya kwanza, Changuu inawezekana, na Nakupenda pia ikiwa ni siku za bamvua; Fumba haiwezekani bila kukimbizana na meli ya kurudi. Kama lengo ni kisiwa chochote na maji safi, basi kusema kweli huna haja ya kuvuka: Bongoyo hupandiwa Msasani na Mbudya hupandiwa Kunduchi, vyote viwili vikiwa ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1975, na utarudi nyumbani kabla ya magharibi.

Nimelipa, nimefika ufuoni, na nahodha anasema leo hatuendi. Nifanye nini?

Mshukuru kwanza. Kisha muulize kama upande wa pili wa kisiwa unafaa, kwa sababu siku ambayo kusi imeifunga Kizimkazi, Kendwa inaweza kuwa inapitika, na gari huvuka Unguja kutoka kusini hadi kaskazini kwa saa mbili hivi. Makubaliano ya fedha yafanywe siku ya kulipa, kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu: safari ikizuiwa na bahari, fedha zote zirudi au siku ihamishwe bila nyongeza. Na ukimsikia mwenye boti ya jirani akikuita, "Njoo, mimi nakwenda," kaa ufuoni unywe kahawa.